Dumuzi Ghalani, na Maneno ya Watu Barazani

Kaa vizuri. Kama jirani yuko karibu mwite, maana mazungumzo ya leo hayafai kusikilizwa na mtu mmoja.

Leo tutazungumza juu ya mahindi yaliyomo ghalani. Lakini tutazungumza pia juu ya jambo jingine ambalo halionekani kwa macho wala halipimwi kwa debe, nalo ni namna mtu anavyoyapokea mawazo ya wenzake anapopatwa na shida. Utauliza, mambo haya mawili yanahusianaje? Subiri kidogo, utaona.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Sitaitaja, maana ni nyumba ya mfano tu, ila bila shaka utaitambua, kwa kuwa iko katika kila kijiji. Mzee mwenye nyumba amevuna vizuri. Kihenge kimejaa mahindi yakiwa na maganda yake, kama alivyofanya baba yake, na babu yake kabla ya hapo. Miezi miwili inapita. Siku moja mkewe anapanda kihengeni kuteremsha mahindi ya kusaga, akivuta hindi moja anamwagikiwa na unga usoni. Si vumbi, ni unga. Anamenya ganda, anakuta punje zimetobolewa matundu ya mviringo, safi kama yametobolewa na msumari, na nyingine zimebaki ngozi tupu. Anateremka, anakwenda kwa mumewe.

"Baba watoto, mahindi yanaliwa."

"Fukusi hao. Kila mwaka wapo."

"Hawa si fukusi. Fukusi hawaachi unga namna hii. Njoo uangalie."

"Nimekula mahindi ya kihenge tangu sijajua kutembea. Leo wewe ndiye wa kunifundisha?"

Mazungumzo yakaishia hapo. Wiki tatu baadaye mzee alipopanda mwenyewe, hata nguzo za kihenge zilikuwa zimetobolewa.

Basi, ndugu mkulima, tumwache mzee hapo kihengeni akiwa ameshika kichwa, nikueleze kwanza mdudu mwenyewe ni yupi.

Mdudu huyu ni dumuzi. Wakulima wengine walimwita Scania, jina la lile lori kubwa. Si mwenyeji wa kwetu. Asili yake ni nchi ya Mexico na nchi za Amerika ya Kati, huko ambako mahindi yenyewe yalitoka zamani. Katika Afrika Mashariki alitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mkoa wa Tabora, Tanzania. Mwaka 1983 alikwisha kuonekana Taveta, upande wa Kenya. Katika maghala yaliyoshambuliwa vibaya sana huko Tabora, wataalamu walipima wakakuta karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi imepotea katika miezi michache tu. Hebu fikiri: unaweka magunia tisa, unakuta sita. Na hakai kwenye mahindi peke yake. Makopa ya muhogo anayapenda vilevile, tena huyageuza kuwa unga upesi.

Ukitaka kumjua, angalia umbo. Fukusi ana mdomo mrefu mbele, kama mkonga mdogo. Dumuzi hana. Ni mdogo, urefu wake milimita tatu hadi nne, mweusi au wa rangi ya kahawia iliyoiva, na mwili wake ni kama kipande cha penseli kilichokatwa pande zote mbili. Kichwa chake kimeinamia chini, hata ukimtazama kwa juu hukioni. Na alama yake kubwa ni ule unga mwingi.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Je, alikuwa mjinga? La, hakuwa mjinga hata kidogo, na hapa nakuomba usikilize kwa makini. Kuweka mahindi na maganda yake ni akili iliyopimwa kwa miaka mingi. Hindi ambalo ganda lake limefunga vizuri mpaka nchani, fukusi hupata taabu kuliingia. Ganda ni kama mlango. Baba yake mzee alikuwa na haki kabisa, na babu pia. Ila akili ile ilitengenezwa kwa ajili ya adui mwingine. Dumuzi hajali ganda. Tena hupenda zaidi punje ikiwa bado imeshikwa na gunzi, kwa sababu anapotoboa anahitaji kitu kilichokaza, kisichomtikisikia. Punje zilizopukuchuliwa zikiwa zimelegea, kazi ya kutoboa humwia ngumu, wala hazaliani upesi kama kwenye hindi zima.

Unaona basi mambo yalivyopinduka. Kile kilichokuwa kinga dhidi ya fukusi kikawa ni nyumba nzuri ya dumuzi. Mzee hakukosea kuifuata kazi ya wazazi. Alikosea mahali padogo tu: mkewe alipomwambia "hawa si fukusi," hakuuliza "umejuaje?" Neno moja tu. Angeuliza, mkewe angemwonyesha unga, angemwonyesha na mdudu asiye na mkonga, na wiki tatu zingeokoka.

Na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Anayekwenda ghalani kila siku ndiye anayeona kwanza, na katika nyumba zetu nyingi huyo ni mama au binti. Mwenye sauti ya kuamua ni mwingine. Kati ya macho ya mmoja na sauti ya mwingine, mahindi yanaliwa.

Haya, sasa akaja Bwana Shamba. Baada ya "shikamoo" na "marahaba" akapanda kihengeni, akatazama, akasema: "Mzee wangu, huyu ni dumuzi. Menya mahindi yote, yapukuchue, yachanganye na dawa ya unga, uyatie katika magunia."

Ushauri huu ulikuwa sahihi, nao ndio uliotolewa na wataalamu baada ya kumchunguza dumuzi. Dawa yenyewe ilichanganywa viini viwili, kimoja kinaitwa pirimifosi-methili na cha pili pemethrini. Kwa nini viwili? Kwa sababu cha kwanza humwua fukusi vizuri lakini kwa dumuzi ni dhaifu; cha pili humwua dumuzi lakini kwa fukusi si kikali. Na kupukuchua ni lazima, kwa maana dawa ya unga haiwezi kupenya ganda ikaifikia punje. Kumwagia dawa juu ya mahindi yenye maganda ni kuipoteza.

Lakini msikilize mke wa mzee, ambaye safari hii aliomba kusema kabla ya watu kuondoka.

"Bwana Shamba, magunia kumi ya mahindi nitayapukuchua kwa mikono gani? Sasa hivi kuna maharage ya kuvuna. Halafu mahindi haya hayajakauka sawasawa. Tukiyapukuchua leo tukayatia guniani, yataota ukungu. Kule juu yalikuwa yanapigwa na upepo."

Umesikia? Katika maneno yale kuna mambo ambayo Bwana Shamba hakuyasema. Kwanza, kazi: kupukuchua mavuno yote kwa mara moja, badala ya kidogokidogo kila unapotaka kusaga, ni mzigo mpya, tena huangukia akina mama na watoto katika majira ambayo tayari wamechoka. Pili, unyevu: kihenge kinachopitisha upepo kilikuwa na kazi mbili, kutunza na kukausha. Ukiyaondoa mahindi humo lazima useme yatakaukia wapi. Mahindi mabichi yaliyofungiwa huota ukungu, na ukungu mwingine una sumu inayodhuru ini la mtu. Kwa hiyo ukimkwepa dumuzi kwa namna hiyo unajikuta umemkaribisha adui mwingine.

Bwana Shamba mwenye busara hapo hakasiriki, bali anatoa daftari na kuandika. Bwana Shamba asiye na busara husema, "Mama, mimi nimesomea haya." Na sisi wa redio, nikiri, tuna hatari hiyo kuliko wote. Kipaza sauti hakina masikio. Tunasema, tunasema, kipindi kinakwisha, na yule mama aliyekuwa na jambo la kujibu amebaki na jibu lake mdomoni. Ndiyo maana nimekuomba umwite jirani.

Nchi yetu ilikwisha kujifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliona udongo wa milima ya Uluguru unachukuliwa na maji ya mvua. Shida ile ilikuwa ya kweli. Wakaleta mpango: kila mtu achimbe matuta ya ngazi katika shamba lake, na asiyechimba aadhibiwe. Wakulima wa Uluguru walisema kwamba ardhi ya kule udongo wake wa rutuba ni tabaka jembamba, na ukichimba ngazi unaufukia ule mzuri na kuupandisha ule usiozaa kitu. Walisema pia kazi ni kubwa mno na mavuno hayaongezeki. Walionekana wabishi na wavivu. Mwaka 1955 zikatokea ghasia, na baada yake mpango ukaachwa.

Wakati huohuo, upande wa kusini katika milima ya Umatengo, huko Mbinga, Wamatengo walikuwa wanalima katika miteremko mikali bila kuamrishwa na mtu. Wao hufyeka nyasi, wakazilaza katika mistari inayokatana kama madirisha, kisha huchimba udongo katikati ya kila dirisha na kuufunika juu ya nyasi. Hubaki mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta, nayo huitwa ngoro. Maji ya mvua hukaa shimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zikioza hulisha maharage na mahindi yaliyopandwa juu ya matuta. Elimu ile ilikuwepo ndani ya nchi hiihii, kwa watu wenye jembe la mkono. Sisemi ngoro ingefaa Uluguru, maana udongo na mazao si yaleyale. Nasema tu kwamba elimu ya kuhifadhi milima haikuwa lazima itoke ofisini peke yake.

Basi unaona makosa yako pande zote mbili. Mzee alimkataa mkewe bila kuuliza, na wakubwa wa zamani waliwakataa wakulima bila kuuliza. Lakini usije ukadhani dawa ni kukubali kila kinachosemwa. Hapana. Mwenye kukubali kila kitu naye hajasikiliza. Amechoka tu kubishana.

Dawa iko katika lile neno "kwa nini." Mtu akikuletea wazo, usipime kwanza kama ni zuri au ni baya. Uliza sababu yake, na uliza lilifaa wapi. Bwana Shamba akisema "pukuchua," mwulize kwa nini. Akikujibu kwamba punje iliyolegea humsumbua dumuzi, sasa una kitu mkononi: unajua kwamba katika mwaka au mahali ambapo dumuzi hayupo na ganda limefunga vizuri, kihenge cha baba yako bado kina kazi. Baba akisema "acha na maganda," mwulize yeye pia kwa nini. Wazee wengine watasema "ndivyo tulivyokuta," na hilo ni jibu lisilosaidia, lakini wengine watakueleza habari za ganda na fukusi kwa undani ambao hutaukuta kitabuni. Wazo likija pamoja na sababu yake unaweza kulitengeneza lifae kwako. Wazo bila sababu ni amri, na amri huwezi kuitengeneza. Unaitii au unaikataa.

Jirani usiyesemezana naye je? Hapo ndipo penye ugumu wa kweli. Najua mtu aliyekataa kupanda mbegu iliyofaa kwa miaka miwili kwa sababu tu wa kwanza kuipanda alikuwa ni yule waliyegombania mpaka. Shamba halijui ugomvi wenu. Kama huwezi kumwuliza mwenyewe, mtume mtoto, au pita njiani ukatazame kwa macho yako. Mahindi yake yatakujibu bila chuki.

Mwuza duka la pembejeo naye msikilize, ila kumbuka kwamba anauza. Swali la kumwuliza ni hili: "Hii inaua fukusi tu, au na dumuzi pia? Nionyeshe ilipoandikwa." Na hapo ndipo mtoto wa shule anapopata kiti barazani. Kama macho yako hayaoni maandishi madogo ya pakiti, mpe asome kwa sauti: jina la dawa, kipimo kwa gunia, tarehe ya kuharibika, na siku za kungoja kabla ya kula. Huko si kumnyenyekea mtoto, ni kutumia macho yaliyopo nyumbani.

Namna ya kukaa pia ina maana yake. Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi wakisikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakazungumza na kuamua la kufanya kijijini kwao. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Viongozi wa vikundi vile walielekezwa wasihutubie, bali waulize na kuwapa wenzao nafasi, nao watu wakae kwa mduara. Ni jambo dogo, lakini lijaribu. Watu wakikaa mistari kama shuleni, mmoja husema na wengine hutazama visogo. Wakikaa duara, hata yule binti aliye kimya pembeni anaonekana uso wake, na mtu anaweza kumwambia, "Wewe unayechota mahindi kila siku, umeona nini?"

Baada ya kusikia yote haya, utafanyaje kama wawili wamesema maneno yanayopingana na kila mmoja ana sababu nzuri? Fanya jaribio. Usibishane kwa mdomo kama mahindi yapo.

Chukua mahindi ya shamba moja, yaliyovunwa siku moja. Fungu la kwanza liache na maganda yake kama desturi. La pili lipukuchue bila kutia kitu. La tatu lipukuchue na kulitia dawa kwa kipimo cha pakiti. Kila fungu liwe na ukubwa uleule, tuseme debe moja la punje, au mahindi yanayotosha debe, na kila moja liwe katika chombo chake, mbali kidogo na mwenzake. Andika alama juu ya kila chombo, kwa maana mtu husahau, na mwenye kupenda wazo lake husahau kwa upande wake! Kila baada ya wiki mbili chota kisahani kimoja katikati, hesabu punje 100, utenge zilizotobolewa. Ita na wale waliobishana waje kuhesabu. Miezi mitatu ikipita hakutakuwa na mshindi wala mshindwa; kutakuwa na hesabu.

Kabla ya kupukuchua na kufunga, pima ukavu. Chukua chupa kavu yenye mfuniko. Tia mahindi mpaka kama theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha kama robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi; yarudishe juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi ikianguka chini yote, unaweza kuhifadhi. Na ghala la zamani lisafishwe kabisa kabla ya mavuno mapya kuingia: mabaki yachomwe, nguzo zilizotobolewa zibadilishwe, na mahindi ya mwaka jana yasichanganywe na ya mwaka huu. Dumuzi anaweza kukaa ndani ya mti akikungoja.

Lipo jambo moja ambalo silo la kujaribiwa. Kuna watu watakushauri uchanganye mahindi ya kula na dawa ya pamba, au ya tumbaku, au unga wowote wa sumu uliobaki shambani. Watakuambia "fulani ametumia, na wadudu wote wamekufa." Ni kweli watakufa, lakini mahindi yale atakula mwanao. Ushauri wa namna hiyo usikilize ili ujue nani anautumia umwonye, basi. Akili iliyo wazi ni kama mlango ulio wazi, na mlango una mwenyewe anayetazama nani anaingia.

Mawazo mengine hutoka mbali sana, nayo tusiyadharau kwa umbali wake. Wataalamu walipoona dumuzi anatapakaa Afrika, waliuliza swali la mkulima: kule alikotoka, kwa nini halei sana madhara kama huku? Wakakuta huko Amerika ya Kati kuna kijidudu kingine cheusi kinachomfuata dumuzi na kumla. Kikaletwa, kikachunguzwa kwanza kisije kikala vyetu, kisha kikaachiliwa nchini Togo mwaka 1991 na nchini Kenya mwaka 1992. Mahali pengine kimepunguza dumuzi, hasa wale wakaao porini. Ila hakikuondoa haja ya kutunza ghala, na asikudanganye mtu kwa hilo.

Mfano wa pili ni ile mifuko isiyopitisha hewa. Ilianzia Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, na haikutengenezwa kwa mahindi hata kidogo. Ilikuwa ni kwa ajili ya kunde. Mfuko una nailoni mbili nzito kwa ndani na kiroba cha kawaida kwa nje. Unajaza nafaka kavu, unakamua hewa, unafunga nailoni ya kwanza peke yake, halafu ya pili, halafu kiroba. Wadudu waliomo humaliza hewa iliyobaki, huacha kula, hatimaye hufa, bila dawa yoyote. Baadaye watu wakauliza: kama kunde zimepona, mahindi je? Wakajaribu, yakapona. Dumuzi huweza kutoboa nailoni hapa na pale, lakini madhara yake humo ni madogo sana kuliko katika gunia la kawaida. Bei ya mfuko ni kubwa kuliko ya kiroba, na panya akiutafuna kazi yote imeharibika. Basi hapo tena mjadala ni wenu: je, mna nafaka ya thamani ya mfuko ule, na je, mna paka?

Tumalizie na nyumba yetu ya mfano. Jioni ile Bwana Shamba alipoondoka, mzee alikaa barazani na mkewe, na mwanawe wa kiume, na binti anayesoma darasa la saba. Hawakukubaliana yote. Mama alishinda katika jambo la kazi: wataomba majirani wanne waje kupukuchua kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na maharage yatangoja siku mbili. Kijana alisema anunue mifuko miwili tu kwanza, si kumi. Binti alipima chupa ya chumvi, ikaonekana magunia sita yako tayari na manne bado. Mzee naye alikuwa na lake: mahindi ya mbegu, yale makubwa aliyoyachagua kwa mkono, hataki yapukuchuliwe wala yaguswe na dawa. Atayafunga mafungu kwa maganda yake na kuyatundika juu ya jiko, penye moshi, kama mama yake alivyofanya.

"Kwa nini, baba?" aliuliza binti.

Mzee akavuta kigoda karibu. "Kwanza ni kwamba moshi na joto huyakausha, na wadudu hawapendi kukaa penye moshi kila siku. Pili, kila nikiingia jikoni nayaona. Kihengeni sikuyaona wiki tatu."

Mkewe alicheka, mzee naye akacheka. Binti akaandika daftarini.

Kwa vikundi vinavyosikiliza pamoja, zungumzeni haya kabla ya kuachana: katika nyumba zenu, ni nani huona unga kwanza, na akisema huambiwa nini? Na yule aliyewahi kuwapa shauri mkalikataa, je, mliwahi kumwuliza sababu yake? Akiwepo hapo, mwulizeni sasa. Wenye kufanya jaribio la mafungu matatu waanze juma hili, mahindi yakiwa bado mapya, na kisahani cha kuhesabia akishike mtu mwingine, asiwe mwenye ghala.